Kilo za Babu

Nesi alikuwa amepiga hesabu ya dozi mara mbili, na jibu likaja lile lile. Dawa tayari ilikuwa kwenye bomba la sindano. Kilichobaki ni kumwinua babu wa kitanda cha dirishani aegemee mto. Kiti chake cha wageni kiliwekewa ndoo ya kudekia.

Akampitishia mkono mgongoni, akajikaza. Babu akaja mzimamzima, mwepesi kama shati lililoanuliwa kambani.

Nesi akasita. Hesabu ilikuwa sahihi, ila kilo alizopigia dozi zilikuwa za siku babu alipolazwa.

"Babu, umekonda hivi tangu lini?"

"Nitajuaje, mjukuu wangu? Mtu akiwa ng'onda huambiwa na wanaomshika."

Akaiweka sindano kando, akavuta mizani. Kwa kuwa babu hakuweza kusimama peke yake, wakapanda wote wawili, kama mama na mtoto mchanga. Kilo zake mwenyewe nesi angezitoa baadaye. Babu akamwegemea, shavu begani.

Namba ikatulia. Nesi akaisoma.

"Tayari?" babu akauliza, bila kuinua shavu.

"Bado, babu. Bado kidogo."