Khalti wa Hampshire

Abdulsamad aliingia nyumbani kwa dada yake bila ya kupiga hodi, akazima kiyoyozi, ndipo akatoa salamu. Alikuwa ametoka Nizwa mpaka Ibra, huko huko Omani, mwendo wa saa mbili, na binti yake Rumaitha kiti cha nyuma. Njia nzima hakuna aliyefungua mdomo ila yeye.

"Yuko wapi?"

"Shikamoo, kaka," alisema Saliha. "Sema taratibu. Mama kalala."

Alishusha sauti, lakini hasira zilibaki pale pale. Mama yao, Bi Kudura, alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Umri umekwenda, macho yamekwisha, na akiamshwa kabla ya alasiri huumwa kichwa siku nzima.

Marwan alisimama kumpa mkono mjomba wake. Mjomba aliutazama mkono, akaupita.

Kijana huyu ni mtoto wa marehemu dada yao Shadya, aliyeolewa Uingereza, katika mji wa Portsmouth. Kazaliwa huko, kakulia huko, na huko huko anakula kwa kuchekesha watu jukwaani. Mwaka jana gazeti moja lilitaja wachekeshaji kumi ambao jimbo la Hampshire linajivunia, naye akawamo, yeye peke yake mwenye jina la Kiarabu. Abdulsamad aliwaonyesha watu gazeti hilo Nizwa nzima. Hakuwahi kuuliza mpwa wake anachekesha kwa kitu gani.

Jana ndipo alipojua. Mtu alimpelekea video. Marwan, mwanamume mzima, kajifunga kanga, miwani ameishusha puani, anajiita Khalti, yaani dada wa mama kwa Kiarabu, anaingia majumbani mwa watu na kuwaamrisha, na ukumbi mzima wa Waingereza unashika mbavu. Kiingereza cha Abdulsamad kilimfikisha nusu ya maneno tu. Nusu hiyo ilimtosha kukosa usingizi.

"Mimi sina maneno mengi," alisema, akakaa, akasema kwa robo saa. Alisema juu ya heshima. Alisema juu ya Unguja ya zamani, walikotoka wazee wao, ambako mtoto hakuthubutu kumtazama mzazi usoni. Akanyanyuka, akafunua sufuria ya mchuzi, akaonja, akasema ndimu imezidi, akarudi kwenye heshima.

"Mama yako alipokufa, aliyekulea kwa simu na kwa dua ni huyu," alisema, akimwonyesha Saliha. "Na leo unakwenda kumuuza kwa Wazungu wamcheke. Dada yangu mimi. Wallahi huna haya."

Saliha alijifunika uso kwa mtandio. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Rumaitha naye aligeukia ukutani, mabega vivyo hivyo.

"Unaona? Unaona ulivyowaliza?"

"Mjomba," alisema Marwan, uso umemwiva, "ukweli wenyewe, yule Khalti si..."

"Ni mimi," Saliha alidakia upesi. "Ananiiga mimi. Nami nimemsamehe, kaka. Yaishe."

Abdulsamad hakuwa mtu wa kuyaacha yaishe. Alhamisi ndiyo siku ya ndoa ya Marwan na Rumaitha, kadi zimekwenda mpaka Sur, na bila ya yeye baba mtu kuozesha hakuna ndoa. Wote chumbani walilijua hilo, naye alijua kuwa wanalijua.

"Ataigiza hapa, mbele yako," alisema. "Yale yale, kwa Kiswahili, kila mtu afahamu. Nikikuona umeumia hata chembe, namchukua binti yangu narudi naye Nizwa, na hiyo Alhamisi ntakwenda shamba kutazama mitende yangu."

"Baba, tafadhali," alisema Rumaitha. Safari hii aligeuka, machozi yanamtoka waziwazi.

"Mjomba, nipe adhabu nyengine. Yoyote."

"Simama."

"Mama atashtuka," alisema Saliha.

"Na ashtuke. Bora ajue mjukuu wake kageuka nini."

Marwan alimtazama Rumaitha, kisha Saliha. Hakuna aliyemsaidia. Alisimama katikati ya zulia, akaishusha miwani yake puani, akaanza kwa sauti ndogo.

"Sikusikii," alisema Abdulsamad. "Wale Wazungu ulikuwa ukiwanong'oneza?"

Kijana alivuta pumzi. Basi akaachia. Sauti ilimtoka kifuani, nzito, ya mtu aliyechokozwa na dunia nzima. Khalti akauliza nani kafungua madirisha. Khalti akasema watoto wa siku hizi hawakufunzwa, na waliowafunza hawakufunzwa pia. Khalti akaapa kwamba yeye hasemi, kisha akasema, na kila aliposema alitafuta mtu mwengine wa kumlaumu.

Saliha alikuwa ameuma upindo wa mtandio. Abdulsamad hakumtazama kijana hata mara moja. Alimkazia macho dada yake, akitafuta maumivu, na aliona anayoyatafuta. Alikwishashika funguo za gari mkononi.

Khalti akiwa bado anafoka, chumba cha pili kitanda kililia. Fimbo ikagonga sakafu.

"Abdulsamad," aliita Bi Kudura, "umefika, mwanangu? Nani tena kakuudhi leo?"