Sauti Kwenye Njia ya Mkonge

Kidato cha tatu walianza kucheka dakika ya pili tu. Filamu ya kutisha aliyoitengeneza Shamsia na wenzake wa klabu ya filamu, watu wanaicheka!

"Mchawi gani huyo? Si mama chipsi wa getini!"

Mkuu wa shule, aliyeketi kando yake, akaguna. "Nilikwambia, Shamsia. Ikiwa mchezo tu, klabu naifunga leo."

Kwenye shuka lililotundikwa ukutani, binti alipita peke yake katikati ya mkonge, giza likiingia. Nyuma yake sauti ikamwita jina, mara moja.

Kicheko kikakatika. Kila mmoja mle ukumbini aliwahi kuonywa na bibi yake: ukiitwa gizani mara moja, nyamaza.

Binti akasimama. Kamera ilibaki ikilenga shingo yake, penye mshipa uliokuwa ukidunda. Akageuka taratibu. Akafungua mdomo.

"Usiitike!" walipiga kelele wa viti vya nyuma. "We dada, usiitike!"

Kucha za mkuu wa shule zilikuwa zimezama kwenye mkono wa Shamsia.

"Mwanangu," alinong'ona, macho yakiwa kwenye shuka, "niambie haitiki."