Pengo Kwenye Mstari

Rangi ilikuwa haijakauka pale koplo mstaafu alipoliona jina lake mwenyewe kwenye ubao wa marehemu wa kikosi, la tatu kutoka chini.

Mchoraji akashika kichwa. "Nisamehe, babu! Nimenakili orodha yote ya gwaride bila kuuliza nani bado yupo hai. Nalifuta sasa hivi." Akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa.

"Weka chini hicho kitambaa."

Mzee alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa ubao. Juu ya jina lake lilikuwepo la mpiga tarumbeta, aliyewavunja wenzake mbavu kwa vichekesho hata ndani ya handaki. Chini yake, la dereva aliyembeba mgongoni kutwa nzima alipojeruhiwa, akimtukana njia nzima kwa uzito wake. Hivyo ndivyo walivyojipanga miaka yote, bega kwa bega.

"Ukinitoa utaacha pengo kwenye mstari. Sisi hatukuwahi kuacha pengo."

"Lakini babu, wageni wa uzinduzi kesho si watadhani umekufa?"

Mzee akafunga kifungo cha juu cha koti, akabana visigino, akatoa kifua.

"Soma majina kwa sauti, mjukuu wangu, kuanzia juu. Kila jina nitaliitikia mimi."

Mchoraji akasoma la kwanza.

"Yupo!" mzee alinguruma, vioo vya dirisha vikatetemeka.