Ugomvi Uliouza Pai

Asubuhi ya mazishi ya Noeline Hargrave, Merv Tuckwell alisimama mbele ya tanuri lake, akaitazama kamera ya simu, akamtukana marehemu.

"Leo wanamzika yule mama wa ng'ambo ya barabara," alisema. "Natumaini mbao za jeneza ni laini kuliko pai zake." Akaongeza kwamba sasa mji wa Mulgannon utapata usingizi, maana yule mwanamke alikuwa akikoroma kama trekta.

Watu walicheka kuanzia Perth hadi Auckland. Mmoja akaandika: "Mzee, wewe umejuaje kama alikuwa anakoroma?"

Merv akasoma, kisha akajibu kwamba kuta za mji huu ni nyembamba. Akazima simu, akajifuta uso kwa aproni.

Zamani duka la pai lilijulikana kwa kibao chake na kwa ladha. Dereva wa lori la ng'ombe alikula pai ya nyama ya moto, akaipenda, safari ijayo akasimama tena. Kisha barabara mpya ikaukwepa mji, malori yakapita mbali, na yale maduka mawili ya pai yaliyotazamana, la Merv na la Noeline, yakabaki kuuzia nzi. Siku moja msafiri aliyepotea njia akamrekodi Noeline akimvurumishia Merv pai usoni, kisa mahali pa kuegesha magari. Ulikuwa ugomvi wa kweli, tena wa kipuuzi. Video ikasambaa, na wiki iliyofuata magari yakaanza kumiminika, watu wakija kula upande wanaoushabikia. Tangu hapo pai ikawa kisingizio tu. Chapa ya biashara ilikuwa ugomvi.

Bronte, binti aliyesimamia kurasa za maduka yote mawili mtandaoni, hakuwaficha. "Hakuna anayefuatilia amani," aliwaambia. "Siku mtakayopatana, fungeni milango mkalale." Hawakumpa sababu ya kulirudia neno hilo.

Noeline alilielewa kuliko wote. Katika video yake ya mwisho, amekonda, sauti imekauka, alilinyooshea kidole dirisha la Merv. "Nikifa, yule mzee asithubutu kunililia! Ataniharibia duka la mwanangu."

Watu walicheka mpaka wakalia. Mwanawe ni Tamsin, aliyeachwa na mumewe akarudi Mulgannon na watoto wawili, hana kingine duniani ila lile duka. Merv peke yake ndiye aliyejua kwamba Noeline hakuwa akitania.

Alivaa suti, akatoka na mfuko wa karatasi wenye jina la duka lake, ameukumbatia kifuani. Bronte alikuwa akimsubiri kwenye lango la kanisa, simu mkononi.

"Aa, safi! Umeleta na pai kabisa," alisema. "Simama hapo hapo, inua mfuko, tabasamu. Usiingie ndani."

"Niache nikae kiti cha nyuma tu, binti."

"Ukae ufanye nini? Wakikuona umenuna watajua mlikuwa mnawachezea miaka yote hii. Na wataanza kumwadhibu Tamsin. Kaburini utakwenda kesho, mzee, kaburi halihami."

Tamsin akapita na watoto wake, ameshikwa mkono na Glenys, mdogo wa marehemu. Glenys alikuwa analia. "Kitu kimoja tu aliomba, azikwe na lile sweta lake la buluu, nacho tumekikosa. Nimepekua nyumba nzima!"

"Basi, mama mdogo. Tutamzika hivyo hivyo."

Merv akapiga hatua kuingia langoni. Tamsin akageuka, akamwona.

"Wewe mzee huna haya? Hata leo? Umeleta pai kwenye mazishi ya mama yangu?"

Merv akafungua mdomo. Simu ya Bronte ilikuwa imemwelekea, na maelfu ya watu walikuwa wakitazama mubashara. Wale watoto wawili walikuwa wameng'ang'ania gauni la mama yao. Mfuko ulikuwa mwepesi, haukuwa na hata tone la mafuta, lakini hakuna aliyeutazama mfuko. Wote walimtazama yeye.

"Nimemletea aonje pai ya kweli," alisema, akalazimisha tabasamu. "Japo mara moja."

Tamsin akamtemea mate. Yalimpata kwenye tai. Bronte alisogea karibu ili picha itoke vizuri.

Kufikia mchana, video ile ilikuwa imezipita zote zilizotangulia. Watu waliendesha magari kutoka mbali kuja kupanga foleni mbele ya duka la marehemu, wanunue ili kumkomoa Merv. Glenys alilazimika kuvua nguo za msiba, akavaa aproni. Udongo wa kaburi haujakauka, na biashara imechangamka. Inachefua hata kuisimulia.

Merv hakufungua duka. Alipita uchochoro wa nyuma, akaingia nyumbani kwake, akaketi kitandani na suti ile ile yenye mate, akaufungua mfuko.

Akatoa sweta la buluu, bado lina unga kwenye ncha za mikono, akalitandaza juu ya mto wa upande wa ukutani. Kisha akajilaza upande wake, taratibu, kama alivyozoea asimwamshe Noeline.