Vidole Viwili

Kadi ya grafiki ya mtumba, ile inayoendesha picha za video, maana mpya Mwanahija, mhariri wa video za harusi, hakuimudu, ilizidi kasha la kompyuta kwa vidole viwili. Bibi harusi angefuata video yake alasiri, na kompyuta ilikuwa ikikwama kila ngoma ilipopamba moto ndani ya video hiyo.

"Tukate hapa, dada," alisema fundi Shaweji, akigonga chuma kilichoshika diski ya zamani. "Ila diski hii itabaki nje, haitakuwa na pa kukaa."

Ndani ya diski hiyo mlikuwa na harusi ya Mwanahija mwenyewe, na sauti ya marehemu mumewe. Alikaa, akasimama, akachungulia dirishani, akakaa tena.

"Kata."

Msumeno ukalia. Kadi ikaingia, kioo kikawaka, harusi ya watu ikachezwa bila kukwama. Mwanahija hakuitazama. Alikuwa ameipakata diski, akiisikia ikipoa.