Shahidi Kutoka Louisville

"Weka mkono juu ya Biblia, papa," Mzee Ruhimbika alisema. "Useme ulichokiona, si ulichokisikia."

Mgeni aliweka mkono. Alikuwa amekaa kwenye basi saa kumi na nne kutoka Louisville, na koti lake lilikuwa bado na mikunjo ya kiti.

"Ninaitwa Aloisi," alisema. "Nilimwona Mushagalusa amekufa. Nilimzika mimi."

Cibalonza alikuwa amekaa kiti cha pembeni. Mgeni alipoingia, yeye alimtazama mara moja tu, kisha akainamisha kichwa, na hakukiinua tena. Mama mmoja wa kanisa alimwekea mkono mgongoni. Wote walielewa. Alikuwa ameingoja habari hiyo miaka kumi na miwili, na sasa ilikuwa imekuja kwa miguu yake.

Kanisa lao lilikutana Jumapili mchana katika jengo la Wamarekani, West Side ya Buffalo. Sheria kila mtu aliijua: mke amefungwa kwa mumewe mpaka mume afe. Mume wa Cibalonza alipotea mwaka 2004, walipokuwa wakitoroka vita kutoka Walungu. Hakuna aliyeona maiti. Kwa hiyo, mbele ya kanisa, Mushagalusa alikuwa hai, na Cibalonza hakuweza kuolewa na Gakunzi, yule fundi mpole aliyefiwa na mke katika kambi ya wakimbizi. Siku aliyotaja jina la Gakunzi kwa wazee, walimtoa kwenye kwaya.

"Mungu amekutunza miaka yote hii," Mzee Ruhimbika alimwambia siku hiyo. "Sasa unakimbilia nini, mama? Treni?"

Cibalonza alimsimulia hayo Bibi Freda, Myahudi wa miaka tisini ambaye kazi yake ilikuwa kumhudumia kila siku. Alimwogesha, alimpikia, na Ijumaa alihakikisha taa zote zimewashwa kabla jua halijatua, maana baada ya hapo ilikuwa Sabato, na bibi hakugusa swichi yoyote.

"Dada yangu alifungwa hivyo hivyo," Bibi Freda alisema. "Mumewe hakurudi kutoka vitani. Hakuruhusiwa kuolewa tena."

"Hata ninyi?"

"Hata sisi. Ila marabi wetu wa zamani waliwahurumia wanawake kama hao. Mambo mengine yanataka mashahidi wawili. Hili, anatosha mmoja. Dada yangu hakumpata hata huyo mmoja." Bibi alivuta blanketi magotini. "Mimi ningeweza kusema nimemwona amekufa. Nilimwogopa Mungu. Sasa kila siku ninamwomba anisamehe, si kwa uongo niliousema, ila kwa ule nilioukataa."

Cibalonza alirudi kwa wazee, akawaomba wakubali shahidi mmoja. Walibishana majuma mawili, wakakubali, mradi aape. Tangazo likapelekwa kwa simu kwenye makanisa ya Wakongomani ya Buffalo, Columbus na Louisville: nani alimwona Mushagalusa, seremala wa Walungu? Majuma matatu yakapita kimya. Kisha mtu mmoja akampigia simu Mzee Ruhimbika.

"Ulimzika wapi?" mzee alimwuliza sasa.

"Msituni, nyuma ya Nindja. Hakuna hata msalaba."

"Mulijuana sana?"

"Hakuna aliyemjua kuliko mimi."

"Bon. Na miaka kumi na miwili yote ulikuwa wapi, usimwambie huyu mama?"

"Niliona haya, mzee. Nilifika huku Amerika, nikaoa, niko na watoto wanne kule Highview, Louisville. Nilitaka kuisahau ile vita yote. Donc, nikaona tangazo."

"Alisema neno gani mbele ya kufa?"

"Alisema bibi yake asimungoje."

Hapo Cibalonza alilia kwa sauti. Hakulia kama mtu aliyefunguliwa. Alilia kama mtu aliyeletewa maiti mlangoni. Hata Mzee Ruhimbika alitoa kitambaa akajifuta macho.

"Mama Séphora," alisema, na sauti yake ilikuwa laini kuliko siku zote, "uko huru mbele ya Mungu. Na mtoto umwambie." Séphora, binti wa pekee wa Cibalonza na Mushagalusa, alikuwa na miaka kumi na tisa, akifanya kazi katika duka la vyakula vya Kiafrika, Barabara ya Morse, kule Columbus. Mzee akageuka. "Na weye Gakunzi, ficha meno. Tuko kwenye kilio bado."

Watu wakacheka huku wakilia. Cibalonza akatoka nje na simu yake, akakaa huko kitambo.

Aliporudi, Gakunzi alikuwa ameshika ufunguo wa gari ili ampeleke mgeni stesheni.

"Hapana," Cibalonza alisema. "Nitamsindikiza mimi. Ndiye wa mwisho kumwona."

Hakuna aliyepinga. Walipanda basi la mji, wakakaa viti mbalimbali. Nje zilipita nyumba za mbao, na theluji chafu kando ya njia. Mwanamume alitazama viatu vyake. Mwanamke alitazama dirisha.

Stesheni, abiria wa Louisville walikuwa wameshaanza kupanda. Dereva alichukua tiketi ya mgeni. Mgeni akakanyaga ngazi ya kwanza, kisha akageuka.

"Unisamehe," alisema.

Cibalonza aliinua uso, akamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu alipoingia kanisani.

"Baba Séphora," alisema, "basi hili linasimama Columbus. Usishuke. Mtoto nimeshampigia. Anakulilia."