Inua Kidole

Bwana Sengo alipomwona Mwanakheri, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akiingia na faili lake, alivuta mguu nyuma. Alimfahamu. Sengo ndiye aliyevunja kibanda cha uji cha mama yake Mwanakheri kwa amri ya halmashauri ya mji, na bati la kibanda kile ndilo lililomkata Sengo muundi.

"Nataka mtaalamu mwingine."

"Hakuna mwingine." Mwanakheri alimshika unyayo. "Inua kidole gumba."

Kidole hakikutikisika. Mwanakheri akabonyeza kando ya mfupa wa muundi, juu ya kovu. "Msuli wa kukiinua umejificha humu. Kano yake inashuka hadi karibu na ukucha. Ilishonwa vizuri, lakini usipoufanyisha kazi utajikwaa maisha yako yote."

"Unaniumiza makusudi."

"Ningetaka kukuumiza, ningekwambia upumzike."

Sengo aliuma meno, jasho likamtoka. Kano ikachomoza chini ya ngozi, na kidole kikanyanyuka kidogo sana.

"Mama yako anauzia wapi siku hizi?" aliuliza, macho yakiwa ukutani.

Mwanakheri aliweka kidole chake juu ya kile cha Sengo, akakikandamiza.

"Tena," alisema, na kidole cha Sengo kikaanza kumsukuma.